Kijana wangu ana selimundu, anaanza chuo Agosti: nianzie wapi?

Kutoka: Mama mmoja, Columbus, Ohio

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Kijana wetu amemaliza sekondari mwezi huu, na Agosti anaingia chuo kikuu, mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka nyumbani. Ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Miaka yote ya shule walimu walijua, nesi wa shule alikuwa na namba yangu, na maumivu yakimshika nilipigiwa simu palepale. Juzi nimepiga chuoni kuwaeleza hali yake, nikaambiwa kwa heshima kabisa kwamba hawawezi kumzungumzia na mimi. Aliyepitia hili anisaidie. Mwenzenu silali.

Kutoka: Mama wa wawili, Minnesota

Marahaba mdogo wangu, na pole. Binti yangu naye ana selimundu, sasa yuko mwaka wa tatu. Nakuandikia kwa urefu kwa sababu sisi tulichelewa, na kuchelewa kulitugharimu.

Kwanza uelewe kwa nini wamekujibu hivyo. Mtoto akiwa shule, sheria ya elimu maalumu inaibana shule yenyewe: imtafute mwenye shida, imwandalie mpango, imwite mzazi kikaoni. Akishapokea cheti cha sekondari, hayo yamekwisha. Chuoni anabaki na sheria mbili za Marekani za kulinda watu wenye ulemavu: Kifungu cha 504 cha sheria ya mwaka 1973 (Rehabilitation Act), pamoja na sheria ya ADA ya mwaka 1990. Hizo zinakataza abaguliwe na zinakilazimu chuo kumwekea mazingira ya kusomea, tena bure. Lakini sharti ajitokeze mwenyewe, aombe mwenyewe, alete karatasi za daktari. Na rekodi zake sasa ni haki yake yeye, si yako, hata kama ada unalipa wewe.

Karibu kila chuo kina ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu, hata vile vidogo vya miaka miwili. Hapo ndipo tulipokwama. Binti yangu alikataa kata kata: "Mama, mimi si mlemavu." Nami moyoni nilikuwa upande wake. Kwetu ukisema ulemavu mtu anaona fimbo nyeupe au kiti cha magurudumu. Isitoshe, kwenye ukoo wetu ugonjwa huu ulisemwa kwa kunong'ona, mtoto asije akakosa mchumba. Mficha maradhi, kilio humfichua. Kumbe ile sheria ya ADA ilirekebishwa mwaka 2008, ikaeleza wazi kwamba ugonjwa unaokuja na kuondoka unapimwa kwa jinsi unavyomlemea mtu siku ukiwa umempanda. Selimundu imo, kifafa kimo, sonona imo. Sisi hatukujua. Akaenda chuo bila kujiandikisha.

Oktoba baridi ikaanza, mifupa ikamshika, akalazwa siku 5. Nilimkuta wodini, dripu mkono wa kushoto, kompyuta mapajani, anamwandikia profesa kwa kidole kimoja. Mtihani wa katikati ya muhula ulikuwa umempita jana yake. Jibu likaja jioni: silabasi inasema hakuna marudio, na jina lake halipo kwenye orodha ya ile ofisi. Tulipokwenda ofisini wakatuambia wanaweza kumsaidia kuanzia siku ile kwenda mbele, yaliyopita hayarudi nyuma. Somo lile alifeli. Nililia kwenye maegesho ya magari, yeye ndiye akanibembeleza.

Kwa hiyo mama mwenzangu, usingoje Agosti. Mwambie aiandikie ile ofisi wiki hii, maana kupata miadi na kupitia karatasi kunachukua muda, na mambo ya chumba cha bweni mara nyingi yana tarehe yake ya mwisho.

Barua ya daktari ndiyo kila kitu. Ya kwanza yetu ilikuwa mstari mmoja: fulani ana selimundu, tunamtibu. Ikarudishwa. Jina la ugonjwa halitoshi, wanataka kujua unamzuia nini. Ya pili daktari aliandika kwamba maumivu humjia ghafla na anaweza kulazwa siku kadhaa, kwamba anachoka upesi, kwamba lazima anywe maji muda wote na kwa hiyo atakwenda chooni mara nyingi, na kwamba baridi kali inamwamsha ugonjwa. Kila sentensi ilizaa kitu. Alipewa ruhusa ya kuwa na chupa ya maji na kutoka kidogo wakati wa mtihani bila dakika zake kuliwa, kuahirishiwa kazi na mitihani akilazwa, na chumba ambacho joto analirekebisha mwenyewe. Maprofesa wanapata barua inayosema apewe nini, haitaji anaumwa nini. Barua hiyo lazima aiombe upya kila muhula. Mkumbushe hilo, wanasahau.

Siku ya miadi nilikwenda naye. Mama wa ofisini akauliza swali, nikajibu. Akatabasamu, akamgeukia binti yangu, akauliza lile lile. Nikajibu tena. Mara ya tatu nikanyamaza, na kimya kikawa kirefu mno, ndipo mtoto akaanza kusema. Nilisikia siku ile mambo ya maumivu yake ambayo hajawahi kuniambia. Sasa wewe mfanyishe mazoezi nyumbani. Akae mezani, akueleze ugonjwa wake kwa Kiingereza kana kwamba hakujui.

Kutoka: Mwanafunzi, Texas

Habari zenu. Nyongeza kwa wale walio na visa ya F-1, yaani ya wanafunzi wa kigeni, maana sisi pia sheria hizi zinatulinda. Ukiugua ukataka kupunguza masomo, usiache hata somo moja kabla mshauri wa wanafunzi wa kigeni hajakuidhinishia kwa barua ya daktari mwenye leseni. Ruhusa ya ugonjwa haizidi jumla ya miezi 12 kwa kila ngazi ya masomo. Ile ofisi ya ulemavu ikikubali upunguze, bado hujaruhusiwa kwa upande wa visa. Ni milango miwili, bisha yote. Mwenzangu alibisha mmoja tu akapoteza hadhi yake ya visa, na kuirudisha imekuwa kazi kubwa.

Kutoka: Mama mmoja, Columbus, Ohio

Dada, Mungu akubariki. Nimesoma ujumbe wako kwa sauti, baba yao akazima televisheni akasikiliza. Kijana alikuwa ngazini, kumbe naye anasikia. Ameandika barua pepe usiku ule ule, mwenyewe, hakunionyesha hadi alipokwisha kuituma. Miadi ni Alhamisi ijayo kwa video.

Limebaki moja. Julai anatimiza miaka 18, na kliniki ya watoto inamhamishia kwa daktari wa damu wa watu wazima, ambaye hajawahi kumwona. Barua aandike nani?

Kutoka: Mama wa wawili, Minnesota

Wa watoto. Ndiye anayejua amelazwa mara ngapi. Mpigie kesho asubuhi, kabla faili halijahama. Au tuseme, kijana ampigie.