Mrejesho: Niliyeuliza kama naweza kuwatetea wenye VVU wakati sina virusi

Habari zenu. Niliuliza kama mtu asiye na VVU anaweza kuwa mtetezi, au ataonekana anawinda posho. Mlisema nianze kwa kusikiliza.

Nilienda kwenye kikundi cha WAVIU (watu wanaoishi na VVU) cha mtaani kwetu. Mama mwenyekiti akaniuliza, "Mwanangu, nani kakutuma?" Nikamsimulia habari za marehemu mjomba, aliyeacha dawa kwa kuogopa kuonekana foleni ya CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu ya VVU. Akanipa kazi ya kupanga viti. Miezi miwili, viti tu!

Sasa tunazunguka nao vijiwe vya bodaboda. Ushuhuda wanatoa wao. Mimi naeleza kwamba tangu 2019 sheria yetu Tanzania inamruhusu kijana wa miaka 15 kupima bila ridhaa ya mzazi. Ubishi huzuka tukisema mwenye VVU anayemeza ARV (dawa za kufubaza virusi) vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenza wake. Hapo chai hupoa.

Wengi wanadhani nami ninavyo. Mwanzoni nilikanusha haraka, hadi dada mmoja wa kikundini akaniuliza, "Kwani ungekuwa navyo ingekuwaje?" Siku hizi wakiuliza nacheka tu, naendelea na mada.