Michezo ya mashine za zamani kwenye kompyuta ya nyumbani: tupeane uzoefu

Mwanzisha mada, Area C, Dodoma
Ndugu wanajamvi, salaam. Nimenunua kompyuta ya mezani iliyokwishatumika kwa fundi mmoja wa Majengo, na ndani yake nimekuta mkusanyo wa Microsoft wa mwaka 1996 wenye Pac-Man, Galaxian, Dig Dug na Pole Position. Michezo ya aina hii wengi wetu tuliijua kwa zile mashine ndogo za kuunganisha na televisheni, zenye kaseti zilizoandikwa michezo 9999 ilhali ukiichambua unakuta ni michezo michache inayojirudia. Tatizo langu ni Pole Position, ule wa mbio za magari: kwenye mzunguko wa Fuji gari langu halikubali kukata kushoto. Nadhani sababu ni kwamba mashine ya asili, ile kubwa ya kwenye kumbi za michezo, ilikuwa na usukani na pedali, nami nina kibodi tu. Wenzangu, ninyi mlikwama wapi, na mlijinasua vipi?

Mchangiaji wa Kizota
Kibodi si mbaya ukiielewa. Pac-Man ya mwaka 1980 haikuwa na kitufe cha kuchezea hata kimoja, ilikuwa na kishikio cha pande nne tu, kwa hiyo vishale vinne vinatosha kabisa. Siri ni kubonyeza kishale cha upande unaotaka kabla hujafika kwenye kona. Pac-Man huikata kona ile, mizimu inayomfukuza haiwezi, na kila kona unaiacha mizimu nyuma kidogo. Nilipoteza miezi nikibonyeza baada ya kufika. Halafu, mkuu, kabla ya kuulaumu usukani, angalia vumbi. Upepo wetu wa Julai ulinigandishia kitufe cha chini, nikakibandua kwa ncha ya kisu na kukisugua kwa mswaki mkuukuu.

Mchangiaji wa Mpwapwa
Mimi nilikwama kwenye kasi. Nilikuwa na mchezo wa kuigiza Space Invaders, ule wa kuwapiga wavamizi wa angani wanaoshuka, ulioandikwa kwa kompyuta za DOS, mfumo endeshi wa zamani, ambao ulitegemea kasi ya kompyuta yenyewe. Nilipouhamishia kwenye kompyuta mpya, wavamizi walitua kabla sijaweka mkono sawa. Kinachofurahisha ni kwamba hata mchezo wa asili, alioubuni Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito mwaka 1978, ulikuwa na kisa chake cha kasi: wavamizi walikuwa 55, prosesa ya wakati ule ilielemewa kuwachora wote, na kadiri walivyopungua ndivyo waliobaki walivyozidi kukimbia. Udhaifu wa mashine ukawa ndio utamu wa mchezo. Sasa natumia MAME, programu iliyoanzishwa na Nicola Salmoria mwaka 1997, ambayo huiga mashine nzima pamoja na mwendo wake. Programu hiyo ni ya bure, lakini michezo yenyewe bado ni mali ya kampuni zake, kwa hiyo mkusanyo ulionunuliwa kihalali una heshima yake.

Mchangiaji wa Manyoni
Mimi adui yangu ni umeme. Ulikatika nikiwa na alama nyingi kuliko nilizowahi kupata, zikapotea zote. Nilifarijika niliposoma kwamba hata mashine halisi ya Pac-Man ilisahau rekodi ikizimwa.

Mchangiaji wa Singida
Mdogo wangu alitumia nafasi ya kuhifadhi mchezo kila hatua, akafika hatua ya 256 ya Pac-Man, ambako nusu ya kulia ya kioo ilijaa herufi na vipande vya rangi visivyoeleweka. Alinituhumu kwamba nimemwingizia virusi, tukanuniana siku mbili. Kumbe namba ya hatua ilihifadhiwa kwenye baiti moja, kipande kidogo cha kumbukumbu ya mashine, ambayo haihesabu zaidi ya 255. Ikipita hapo inarudi sifuri na uchoraji unavurugika. Vidonge anavyokula Pac-Man vya kutosha kumalizia hatua hiyo havipatikani, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuivuka kwa kucheza kawaida. Kaka yake sikuombwa radhi mpaka leo.

Mwanzisha mada
Nawashukuru sana, hasa wa Kizota. Jana jioni nimekibandua kitufe cha kushoto na chini yake nimekuta ganda la karanga, kavu, limekaa kama limepimwa. Gari sasa linakata kona zote.