svn copy ibebe mabadiliko ambayo hayajakomitiwa, au ikatae?

Mleta mada: Wakuu, ubishi huu timu nyingi za Subversion (svn, programu ya kutunza matoleo ya mafaili ya mradi) zinaujua. Umebadilisha mistari kadhaa kwenye faili, hujakomiti (hujayahifadhi rasmi kwenye hazina ya mradi), sasa unataka nakala kwa amri ya svn copy. Ianze na kilichoko kwenye diski au na toleo la mwisho lililoko kwenye hazina?

Ndani ya folda ya kazi, svn copy hubeba vyote: ulichoandika sasa hivi pamoja na historia ya faili la asili. Hapo sina neno, maana hakijatoka kwenye mashine yako.

Ninapogomba ni hapa: svn copy . ^/tags/2.0 (nukta ni folda uliyomo, ^ ni mzizi wa hazina). Amri hii hukomiti papo hapo kwenye seva, na mabadiliko yako mabichi yamo. Tagi (nakala ya mradi iliyopewa jina la toleo) inayoitwa 2.0 inaweza kubeba faili la mipangilio ulilokuwa unalichezea tu (nywila ya majaribio ikiwemo!), mistari ambayo trunk (njia kuu ya mradi) haijawahi kuiona. Nasema amri ikatae mpaka mtu aweke alama ya kukubali (chaguo la ziada kwenye amri). Mtaniambia nisome svn status, orodha ya mafaili yaliyobadilika, kwanza. Sawa, lakini usiku wa kutoa toleo nani anaisoma?

Mchangiaji: Mkuu, hapo sikubaliani nawe. Amri hiyohiyo ndiyo inayoniokoa nikiwa na kazi nusu ambayo sitaki kuitia trunk: naipeleka kwenye tawi (nakala ya mradi ya kufanyia kazi pembeni), naihamishia folda yangu huko kwa svn switch, naendelea. Ukiifunga umetuumiza wengi. Kwa tagi taja anwani mbili, svn copy ^/trunk ^/tags/2.0, seva inakili yenyewe na folda yako haihusiki kabisa. Kosa ni la aliyeandika nukta.

Mchangiaji mwingine: Hamieni Git, mfumo mwingine wa kutunza matoleo, muache kuteseka. Haina hata amri ya kunakili, unatumia cp tu, amri ya kawaida ya kompyuta ya kunakili mafaili.

Mleta mada: Haina amri, ila swali lipo palepale. Git hukisia nakala kwa kufanana, kuanzia asilimia 50, na git show -C (amri ya kuonyesha komiti pamoja na nakala zilizomo) hutafuta asili kwenye mafaili yaliyobadilika katika komiti hiyohiyo tu. Komiti nakala peke yake, asili ibaki na mabadiliko yake: haioni kitu mpaka uongeze --find-copies-harder.

Ila kwa tagi mmenisaidia hoja. git tag hushika komiti, haigusi uchafu wa folda yako. Ndicho ninachokidai kwa Subversion, na huyo wa matawi abaki na alama yake ya kukubali.