"Hadi kilomita 100": wauzaji wa baiskeli za umeme watuambie ukweli kuhusu betri

Wanajukwaa, nafungua uzi huu nikiwa na hasira. Miezi minne iliyopita nilinunua baiskeli ya umeme yenye betri ya lithiamu ya volti 36 na ampea-saa 10, ambayo tangazo lake lilisema kwa herufi nene kwamba inakwenda "hadi kilomita 100" kwa chaji moja. Tangu siku hiyo sijawahi kuvuka kilomita 40. Juzi ilinizimikia kwenye kilomita ya 38, giza likiingia, nikaisukuma mpaka nyumbani, na ina uzito wa kilo 24. Nilipolalamika, muuzaji alinijibu kwamba neno lililoandikwa ni "hadi", na kwamba pengine mimi ni mzito. Nina kilo 76.

Basi tupige hesabu ambayo muuzaji huyo hakutaka kuipiga mbele yangu. Ukizidisha volti kwa ampea-saa unapata wati-saa 360, na hiyo ndiyo nishati yote iliyomo hata betri ikiwa mpya kabisa. Ili nishati hiyo ikufikishe kilomita 100, kila kilomita inatakiwa kutumia wati-saa 3.6 tu, wakati matumizi ya kawaida, mota ikisaidia nawe ukipiga pedali kwa bidii ya wastani, ni takriban wati-saa 8 hadi 15 kwa kilomita, na ukiiachia mota ikubebe peke yake yanaweza kufika 20. Kwa maneno mengine, tangazo lile linaweza kuwa kweli endapo tu miguu yangu itafanya sehemu kubwa ya kazi, kwenye njia tambarare isiyo na upepo, kwa mwendo wa polepole, msaada wa mota ukiwa katika kiwango cha chini kabisa. Masharti hayo waliyajua, na hawakuyaandika popote.

Mimi na baiskeli yangu tuna kilo 100 kamili. Kupandisha uzito huo mwinuko wa mita 100 kunahitaji wati-saa 27 kabla ya kuhesabu zile zinazopotea kama joto ndani ya mota. Ukizijumlisha unakaribia 35, yaani takriban sehemu ya kumi ya betri nzima imekwenda kwa kilima kimoja. Kasi nayo ina gharama yake, kwa sababu ukitoka kilomita 20 kwa saa ukafika 30, ukinzani wa hewa unaongezeka zaidi ya mara mbili. Sijataja baridi, ambayo hupunguza uwezo wa lithiamu waziwazi, wala matairi yenye upepo mdogo. Tena betri huchakaa: baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa, ni kawaida ibakiwe na asilimia 80 hivi ya uwezo wake wa awali.

Siilaumu lithiamu yenyewe. Kwa uzito uleule hubeba nishati mara kadhaa kuliko betri za risasi, na bila hiyo baiskeli hizi zingekuwa mizigo isiyosukumika. Ninachokikataa ni mtu kuchukua namba ya mazingira yasiyokuwepo na kuniuzia kama ahadi. Magari ya umeme barani Ulaya hupimwa kwa utaratibu mmoja wa lazima kabla ya umbali wake kutangazwa; kwa nini kwenye baiskeli kila muuzaji ajipimie anavyopenda? Waandike wati-saa kwa herufi kubwa, na kando ya kilomita waandike uzito wa mpandaji, kasi na kiwango cha msaada wa mota. Kama uzito wangu ni sababu ya kuninyima madai yangu, ulipaswa kuwemo kwenye tangazo kabla sijalipa.

Nawaomba wenye baiskeli hizi waweke hapa namba zao halisi, ili anayetaka kununua azione kabla ya kutoa fedha zake. Naanza mimi: volti 36, ampea-saa 10, mpandaji kilo 76, msaada wa kati, vilima viwili, kilomita 38.