Maalim Seif: ni ualimu uliomfikisha kwenye uongozi wa chama?

Mwalimu_Kijana

Assalaam aleikum wakubwa zangu. Nasomesha historia sekondari hapa Pemba. Kila nikifika kwenye mada ya vyama vingi, wanafunzi huniuliza habari za Maalim Seif Sharif Hamad. Alianza kama sisi, chaki mkononi, akafariki Februari 2021 akiwa Mwenyekiti wa ACT-Wazalendo na Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar. Walimu wenzangu wanashikilia kwamba skuli ndiyo iliyompa watu, kwamba aliowasomesha ndio waliombeba. Nawaomba mlioishi nyakati zile mnieleze: ni kipi hasa alichotoka nacho darasani akaingia nacho kwenye siasa? Nina sababu ya kuuliza. Chama changu kimenitaka nigombee uongozi wa wilaya, na nafikiria kuacha kazi.

Mstaafu_Mkoani

Waaleikum salaam mwanangu. Mimi ni mwalimu mstaafu. Niliajiriwa wakati yeye ni Waziri wa Elimu, kati ya 1977 na 1980, na mwaka 1995 nilikuwa wakala wa CUF, chama chake Maalim wakati huo, kituoni. Nitakueleza ninavyoona mimi.

Ualimu ulimkuta njiani. Alimaliza kidato cha sita skuli ya King George VI, Unguja, mwaka 1963, na Januari 1964 yakaja Mapinduzi. Wazungu waliokuwa wakisomesha wakaondoka, na vijana waliosoma wakaambiwa washike nafasi. Kijana wa miaka 20, mawazo yake yako chuo kikuu, akakabidhiwa darasa. Akasomesha Lumumba, ndiyo hiyohiyo King George iliyobadilishwa jina, na skuli ya Fidel Castro huku kwetu Pemba, mpaka 1972. Ndipo akapata kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akatoka 1975 na shahada ya daraja la kwanza.

Wenzako wana haki kwa kiasi chao. Skuli za sekondari wakati ule zilikuwa za kuhesabika, na waliopita hapo ndio waliokuja kuwa makarani, walimu wakuu na maofisa wa serikali. Mtu aliyewasomesha hao hahitaji kujulishwa akifika mahali. Lakini angalia pia kwamba wengi wao walibaki CCM. Mwanafunzi atakuamkia kwa adabu zote, atakubebea na mkoba, na kura yake akampa mwengine.

Kwa maoni yangu, jina lake liliingia vijijini mwaka 1984. Jumbe alikuwa ameshajiuzulu urais wa Zanzibar, Mzee Mwinyi akawa Rais wa Zanzibar, na Maalim Waziri Kiongozi. Nyie hamkuyaona tuliyoyaona kabla ya hapo. Mchele kwa foleni, sukari kwa foleni, kitambaa cha sare ya mtoto unakitafuta mpaka skuli inafungua hujakipata. Biashara ilipofunguliwa, maduka yakajaa. Mama yangu hakukanyaga skuli maisha yake yote na hakujua Fidel Castro iko upande gani. Kwake yeye Maalim Seif alikuwa yule aliyerudisha mchele dukani, na alimpigia kura kwa hilo mpaka anaingia kaburini. Hao ndio watu waliombeba, mwanangu, na walikuwa wengi kuliko sisi tuliosoma.

Halafu akavuliwa uanachama wa CCM mwaka 1988, akakamatwa Mei 1989, akakaa ndani hadi Novemba 1991. Vyama vingi vilipokuja 1992 na CUF kuundwa, watu walikuwa wanamjua kwa darasa, kwa serikali na kwa jela. Tangu siku ya kwanza darasani imeshapita miaka 28.

Mwaka 1995 tulihesabia kura kwenye chumba cha darasa la pili, kwa taa ya chemli, tumekaa kwenye vile viti vidogo vya watoto mpaka magoti yanagusa kidevu. Kila karatasi naitia alama kwenye daftari la mistari, tano tano, kama ninavyosahihisha mtihani. Matokeo ya Zanzibar nzima yalipotangazwa, Dk. Salmin Amour wa CCM asilimia 50.2, Maalim 49.8. Sikulala usiku ule. Mimi na wenzangu hatukuyakubali matokeo hayo, na mpaka leo sijayakubali.

Ninachomheshimu zaidi ni kukaa mezani. Muafaka wa CCM na CUF wa 1999, muafaka wa pili wa Oktoba 2001 baada ya damu iliyomwagika Januari ile, kisha maridhiano na Rais Karume Novemba 2009. Palikuwa na vijana wetu waliomzomea, mimi nawajua. Alisimama mbele yao akawaeleza, akarudia, wakamsikiliza. Kama unatafuta ualimu wake, utafute hapo.

Mnyamwezi_wa_Tabora

Shikamoo mzee wangu. Nakubaliana nawe, naongeza moja tu. Nyerere alipita njia nyingine. TANU iliundwa Julai 1954 yeye akiwa Rais wake na huku bado anafundisha Pugu. Machi 1955 alikwenda New York kusema kwenye Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, na aliporudi ikabidi achague: skuli au chama. Akajiuzulu ualimu. Kwa hiyo yeye alitoka darasani moja kwa moja, wakati Maalim alipita serikalini kwanza. Na tusisahau Machi 2019. "Shusha tanga, pandisha tanga," ndiyo ilikuwa kauli ya Maalim, na wafuasi wake wakahama naye kutoka CUF kwenda ACT karibu kwa siku moja. Viongozi wangapi wanaweza hilo?

Mwalimu_Kijana

Ahsanteni sana. Mzee wangu wa Mkoani, kwa hiyo unanishauri nisiache kazi?

Mstaafu_Mkoani

Marahaba, wa Tabora. Umesema kweli.

Mwalimu, sikukatazi. Kwanza soma sheria ya utumishi wa umma uone mwanachama anaruhusiwa nini na kiongozi wa chama anakatazwa nini, usije ukapoteza kiinua mgongo kwa kutojua. Pili, kabla hujaandika barua, nenda tawini kwenu uombe daftari la wanachama. Tazama wangapi wamelipa ada mwaka huu. Sisi tulikuwa tukipita nyumba kwa nyumba baada ya laasiri, shehia moja wiki nzima, na kila aliyelipa anapewa risiti yake mkononi. Ukikuta daftari halipo, waulize hao waliokuomba ugombee kwa nini halipo, kisha njoo utuambie walivyokujibu.