Naomba ushauri: mzee mpiga kanuni (ile ala ya nyuzi) hataki hela
Wakuu habari zenu, nimemaliza kurekodi albamu ya taarabu huku Unguja, walionisapoti wote nawashukuru sana, wa fidla, wa dumbaki na kina dada wa koras nshawalipa. Kasheshe ni mzee wa kanuni, taksim (kile kipande anachopiga peke yake) yote ya mwanzo kwenye wimbo wa pili kaitoa kichwani palepale studio, na ndo imebeba wimbo kusema kweli. Bahasha nikimpa anairudisha, "mwanangu nimepiga kwa mapenzi", nikapitia kwa mkewe nayo ikarudi.

Sasa wajuzi, nikienda kusajili COSOZA (ofisi ya hakimiliki Zanzibar) nimuandike mpigaji tu au na kwenye utunzi ana fungu lake? Na karatasi ya kusaini kuhusu hilo nampelekeaje bila kumvunjia heshima?