Habari za komiki huru mnazipata wapi wakuu?

kalamu_nyeusi: Habari zenu, mi napenda komiki za wachoraji wanaojichapishia wenyewe, sio Marvel, sasa kila nikisikia tamasha fulani nakuta lilishaisha kitambo. Nyie mnafuatiliaje?

mtaa_wa_pili: Mkuu anza na kalenda. Tamasha la Angoulême kule Ufaransa kawaida ni mwisho wa Januari, SPX (Small Press Expo, tamasha la komiki huru) ya Bethesda, Maryland, Marekani ni Septemba na hapo ndo zinatolewa tuzo za Ignatz za komiki huru, zipo tangu 1997, jopo la wachoraji linateua halafu kwa desturi kura wanapiga waliohudhuria, ndo maana naziamini. Orodha ya walioteuliwa hutoka kabla, hiyo ndo dhahabu, chukua majina kawafuate mmoja mmoja.

dada_wino: Jiandikishe pia upate barua pepe za wachapishaji wadogo kama Fantagraphics na Drawn & Quarterly, mitandao siku hizi inaficha posti. Na Kickstarter, ule mtandao wachoraji wanachangisha hela za kuchapisha, usilale, kampeni ikifungwa ndo basi tena.

mtaa_wa_pili: Fantagraphics mdogo?? Wa tangu 1976 huyo 😂

dada_wino: Mdogo mbele ya Marvel bana

kalamu_nyeusi: Asanteni. Na huku kwetu?

dada_wino: Nairobi kuna NAICCON, tamasha la komiki, nenda moja kwa moja meza za wachoraji